Amina iliyokwama kooni

Safu ya barua za wasomaji. Anayejibu ni katekista mstaafu wa Changamwe.

*Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu. Mdogo wangu wa kiume aliaga dunia mwezi uliopita. Kabla hatujamzika, mwili ukiwa bado mochari kwa sababu ya bili, jumuiya yetu ilikutana Alhamisi jioni kama kawaida. Nikajikokota nikaenda, maana nyumbani hakukaliki. Kiongozi wetu, mama mwenye kipaji cha kuomba, alianza hivi: "Baba tunakushukuru, kwani wapo waliotamani kuiona jioni hii na hawakuiona. Wapo waliolala mochari. Wapo wanaopumua kwa mashine. Lakini sisi, si kwa wema wetu wala kwa ujanja wetu, umetupa pumzi ya bure." Watu wakaitikia Amina kwa nguvu. Mimi ilinikwama. Jirani yangu aliniona, na tangu siku hiyo nasikia inasemwa kwamba nina kinyongo na sijui kushukuru. Je, nimekosa? Na nikitaka kushukuru nifanyeje, maana nikipiga magoti sioni cha kushukuru?*
*Mfiwa, Mikindani*

Milele na milele, mwanangu. Pole sana. Mungu amjalie mdogo wako raha ya milele.

Hukukosa. Amina ni sahihi, na mtu hatii sahihi kwenye karatasi asiyokubaliana nayo.

Maombi hayo nayajua. Zunguka Mombasa nzima, kuanzia maombi ya adhuhuri ya wafanyakazi mjini hadi mikesha ya Mtwapa, utayasikia na mpangilio wake uleule: mochari, mashine, pumzi ya bure. Watu wameyarithi na wala hawana nia mbaya. Tena yana kipande kizuri ndani yake, hicho cha "si kwa wema wetu", ambacho ndicho unyenyekevu wenyewe. Shida iko kwenye kilichotangulia. Ili nishukuru, inanibidi kwanza nimtafute aliyekosa, nimsimamishe pembeni, nijipime naye. Basi siku aliyesimamishwa pembeni ni mtoto wa mama yako, utaitikiaje?

Fungua Luka 18. Tumezoea kumcheka yule Farisayo hata tumesahau kwamba pale hekaluni hakuomba kitu. Hakuomba mali, hakuomba adui zake waanguke. Alishukuru tu: "Ee Mungu, nakushukuru kwa kuwa mimi si kama watu wengine, wanyang'anyi, wadhalimu, wazinzi, wala kama huyu mtoza ushuru." Sala nzima ni ya shukrani. Na aliyoyasema juu yake mwenyewe hayakuwa uongo: alifunga mara mbili kwa juma, alitoa zaka. Kilichomwangusha ni kumgeuza mtu aliyekuwa nyuma yake akisali kuwa kipimo cha baraka zake. Mimi naiona hiyo ndiyo shukrani ya hatari kuliko manung'uniko, kwa sababu mnung'unikaji angalau anajua ana tatizo.

Lakini usije ukadhani kwamba mbele ya msiba shukrani inatakiwa inyamaze. Ulikuwepo kwenye misa ya kumzika mdogo wako. Jeneza likiwa mbele ya altare, padre alisema "Tumshukuru Bwana Mungu wetu", nasi tukajibu "Ni vema na haki." Ni maneno yaleyale ya Jumapili ya Pasaka, Kanisa halikuyaondoa siku ya kuzika. Sasa sikiliza linashukuru kwa lipi: kwa Kristo aliyekufa na kufufuka, na kwa tumaini kwamba uzima wa waamini wake haukuondolewa bali umegeuzwa. Hakuna mahali padre anaposema tunashukuru kwa kuwa waliomo kwenye jeneza si sisi.

Kanisa hilohilo, kila Ijumaa katika Sala ya Usiku, husali Zaburi ya 88. Isome leo. Inaanza kwa kilio na inaishia gizani, haina hata mstari mmoja wa asante, na bado ni sala takatifu. Kilio na imani vimekaa nyumba moja siku zote, hata hapa kwetu. Krapf, yule mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo, naye mwenyewe akiwa hoi kwa homa, akampoteza mkewe Rosina na binti yao mchanga. Kaburi liko Nyali. Miaka miwili baadaye yuko Rabai na mmisionari mwenzake Rebmann wanafungua misheni. Sidhani kuna aliyemwambia ana kinyongo.

Nikija kwenye swali lako la pili: usijilazimishe kushukuru kwa ajili ya kifo. Bwana wetu mwenyewe, pale kwa Lazaro, alilia kwanza. Machozi yako kwenye Yohana 11 aya ya 35, na "Baba, nakushukuru" iko aya ya 41. Katikati hapo kuna jiwe ambalo watu walilazimika kuliondoa kwa mikono.

Kwa hiyo anzia kwenye mikono. Matanga yenu bila shaka yalikuwa na daftari la michango, na kikundi cha WhatsApp, na namba ya M-Pesa ya mweka hazina. Liombe hilo daftari. Keti nalo jioni mlango ukiwa umefungwa. Soma jina moja na kiasi chake, kisha sema, "Asante Mungu kwa huyu." Utamkuta mtu wa elfu tano. Utamkuta mama mboga wa shilingi hamsini ambaye siku hiyo hakufungua kibanda kwa sababu alikuwa kwenu anamenya viazi. Utakumbuka na wasioandikwa: vijana wa Kiislamu wa mtaa waliobeba viti na kuteka maji, yule wa tuktuk aliyekataa nauli. Jina lililoandikwa vibaya, uliza ni la nani. Usilimalize daftari siku moja, na siku ambayo kurasa hazisomeki kwa machozi, lifunge ulale.

Baadaye uwapigie simu mmoja mmoja. Mtume Paulo alifanya hivyo kwa kalamu. Warumi 16 watu huiruka kwa kuwa ni majina matupu, lakini ndiyo sura niipendayo: kuna Priska na Akila waliohatarisha shingo zao kwa ajili yake, naye anasema waziwazi anawashukuru, na kuna mama yake Rufo, "aliye mama yangu pia". Paulo, pamoja na ukubwa wake wote, alikuwa na mama wa watu aliyemlea ukubwani, na hakuona haya kuwaandikia hivyo wakristo wa Roma.

Kuhusu mama kiongozi, usimnunie. Mwendee kwake peke yako, si mbele ya jumuiya, umwambie, "Mama, siku ile mdogo wangu ndiye alikuwa mochari." Huenda hakuwaza kabisa. Asipokuelewa, basi, umekwisha sema. Na huyo jirani mwenye kuhesabu Amina za wenzake, mwachie Mungu, au mnong'oneze Warumi 12:15, kuhusu kulia pamoja na waliao.

*Mwalimu, ukisifiwa kwa kuimba unatakiwa ujibu nini? Mimi husema "Si mimi, ni Mungu tu", lakini mwalimu wa kwaya amenambia nina majivuno ya chini kwa chini. Nimeumia.*
*Sauti ya tatu, Kisauni*

Sema "asante", ndugu yangu. Halafu nyamaza.

Mwalimu wako amekuuma lakini hakukosea sana. Ukisema si wewe uliyeimba, yule aliyekusifu inambidi arudie: "Hapana bwana, umeimba kweli!" Umepata sifa mara mbili kwa bei ya moja. Mtakatifu Teresa wa Avila aliandika kwamba unyenyekevu ni kutembea katika ukweli, na ukweli ni kwamba una sauti nzuri, hukujipa mwenyewe, na kuna mtu alikusumbua nayo hadi ikakaa sawa. Ukipata nafasi ya neno la pili, mtaje huyo. Nina hakika ni huyohuyo mwalimu wa kwaya.

*Salamu, Mwalimu. Nimestaafu kazi ya bandarini baada ya zaidi ya miaka thelathini. Nimetoka mzima na vidole vyangu vyote kumi ninavyo, na wewe bandari unaijua. Nataka kufanya misa ya shukrani hapa nyumbani: tenti, viti, kwaya, pilau, bango lenye picha yangu, na mheshimiwa mmoja amekubali kuwa mgeni rasmi. Mke wangu ananipinga. Asema ni majivuno, tena tunadaiwa na fundi aliyetujengea ukuta. Yeye anataka tutoe bahasha kanisani kimyakimya, basi. Nani yuko sawa?*
*Mstaafu, Bamburi*

Hongera kwa kustaafu, mzee mwenzangu, na hongera kwa vidole. Nawafahamu wasiokuwa navyo.

Nitaanza kwa kukupa moyo, kisha nitakunyang'anya kidogo. Karamu ya shukrani si majivuno yenyewe kwa yenyewe. Katika Mambo ya Walawi 7:15 iko sheria ninayoipenda sana: nyama ya sadaka ya shukrani iliwe siku ileile, isisazwe hata asubuhi. Fikiria mtu amechinja ng'ombe. Yeye, mkewe na watoto watafika wapi kwa siku moja? Inambidi awaite jirani, na walio mbali, na wapita njia. Sheria ilifanya shukrani ya kujifungia ndani iwe kazi ngumu. Kwa hiyo bahasha ya kimyakimya ya mke wako ni njema, lakini nisingesema ndiyo takatifu zaidi. Watu waliofanya kazi nawe wana haki ya kula nawe.

Hapo ndipo ulipo sahihi. Sasa fundi. Kumbukumbu la Torati 24:15 inataka kibarua apewe ujira wake siku yake, kabla jua halijatua, na Yakobo 5:4 anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele na kelele zake zimefika kwa Bwana. Hebu niambie, kwaya ikiwa inaimba chini ya tenti na ukuta usiolipiwa uko nyuma yake, Mungu atasikiliza upande upi? Mlipe fundi kwanza, chote, si "shika hii, tutaonana". Kitakachobaki ndicho kitakachoamua ukubwa wa tenti. Kikitosha chai na mahamri, ita watu waje wanywe chai na mahamri.

Bango: toa picha. Mgeni rasmi: umeshamwalika, aje, si adabu kumrudisha. Lakini nakuomba upange meza kuu kwa mkono wako mwenyewe. Yesu katika Luka 14 alikuwa mgeni mezani, akatazama watu wanavyogombea viti vya mbele, halafu akamgeukia mwenyeji na kumwambia akifanya karamu aite maskini na vilema, wasio na cha kumlipa. Wewe unawajua wa kwako. Yuko yule kuli mliyeanza naye ambaye mgongo ulimwahi kabla ya pensheni. Yuko mjane wa mwenzenu ambaye hakutoka na mwili mzima. Hao wakae karibu na padre, mheshimiwa atafute nafasi pembeni yao. Kama ni mtu mwema atafurahi, na kama atakasirika utakuwa umejua kwa nini alikubali kuja.

Ukisimama kusema, nakuomba usitusimulie ulivyopanda cheo. Tutajie aliyekuonyesha kazi, na siku aliyokuvuta kwa ukosi mzigo ukipita. Siku kama hiyo ilikuwapo, kila mtu wa bandari anayo.

Na jambo la mwisho, ingawa hukuliuliza. Jirani zako wa Bamburi si Wakristo wote. Mwite Mwislamu achinje, na mwambie mpishi asichanganye sufuria, ili kila mtu ale pilau bila kuuliza. Mke wako mpe asante yangu, amekuokoa na aibu.

*Mwalimu, shikamoo. Mezani kwetu husali binti yangu mdogo, kwa kuwa anapenda. Juzi alisali, "Asante Mungu kwa chakula hiki", kisha akafungua macho akauliza, "Mama, mbona tunamshukuru Mungu na aliyepika ni dada? Na mbona dada hali hapa?" Dada yetu wa kazi hula jikoni, ndivyo nilivyolelewa hata mimi. Mume wangu alicheka, mimi nilikosa jibu. Nimjibu nini mtoto?*
*Mama Binti, Tudor*

Marahaba, mwanangu. Mtoto amekuletea swali ambalo mapadre husomea miaka.

La kwanza ni rahisi, na ulijibu kesho asubuhi mkinywa chai. Mwambie Mungu aliyeotesha mchele hakuupika, aliwaachia watu kazi hiyo, na mkono wa dada ni mojawapo ya njia zake. Ndiyo maana tunashukuru kote kuwili. Watoto wanaelewa hili upesi. Kisha sala ibadilike: "Asante Mungu kwa chakula, na asante kwa dada aliyekipika." Jina lake litajwe, analo. Nawe, si mtoto pekee, useme asante ukipokea sahani, umtazame usoni.

La pili ndilo zito, na hapo usimtume mtoto wala usimsubiri mume wako amalize kucheka. Nenda jikoni umuulize dada mwenyewe. Usimburute mezani ili dhamiri yako ipate raha. Wapo wasichana wanaopenda kula kwao kwa kuwa ndiyo nusu saa pekee ambayo hakuna anayewaita. Muulize kwa namna ambayo anaweza kukataa, na akikataa usinune. Akikubali, usimpe kiti cha karibu na mlango ili awe anainuka kuleta chumvi. Chumvi inuka wewe. Yohana 13 inasema Bwana aliondoka chakulani, akajifunga kitambaa, akaanza kuwaosha wanafunzi wake miguu, na Petro ndiye aliyeona aibu, si yeye. Wiki ya kwanza mtaoneana haya wote watatu, hilo halina dawa ila kuzoea.

Na kwa kuwa tumeingia jikoni, wacha niulize na mengine. Dada huyu ana siku ya mapumziko? Sheria ya ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa siku moja angalau katika kila siku saba, kwa hiyo hiyo si hisani yako. Jumapili ninyi mkiwa kanisani mnaimba "Asante Bwana", yeye yuko wapi, anafua? Mshahara wake unafika tarehe mliyopatana au unafika ukikumbuka? Nasema kwa ukali kidogo kwa sababu nimesikia watu wakitoa ushuhuda wa machozi kanisani, wakisema jinsi Mungu asivyochelewa, na nyumbani kuna msichana anayedai miezi miwili.

Binti yako mpelekee salamu zangu. Aendelee kusali macho yakifunguka hivyohivyo.

*Mwalimu mimi naendesha tuktuk toka alfajiri. Usiku nikianza kusali nalala kabla sijafika popote. Mke wangu husali muda mrefu sana na kwa maneno mazuri, mimi sina. Nifanye nini?*
*Wa tuktuk, Likoni*

Lala, ndugu. Mungu aliyekuamsha alfajiri anajua umechoka.

Sala yako iwe mchana. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, katika mazoezi yake ya kiroho yaliyochapwa mwaka 1548, aliweka utaratibu wa kuichunguza dhamiri, na hatua ya kwanza kabisa, kabla mtu hajaitafuta dhambi yake hata moja, ni kumshukuru Mungu kwa aliyopokea. Wewe hatua hiyo ifanyie kwenye foleni ya feri, maana pale muda unao. Zima injini. Pitia abiria wa leo: mwanafunzi aliyekupungia mkono, bibi aliyekulipa kwa sarafu akazihesabu mara mbili, yule aliyekuongeza kumi akasema kunywa chai. Kila mmoja, asante. Ukikumbuka uliyemtoza zaidi kwa kuwa alionekana mgeni, hapo umeshafika kwenye hatua ya dhambi bila kusukumwa.

Maneno mazuri mwachie mkeo, nawe uitikie Amina yake kama unaikubali. Ukitaka ya kwako, ile ya mtoza ushuru wa Luka 18 ni maneno saba: "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi." Inatosha kutoka foleni hadi kupanda feri. Ila wakati wa kupanda, macho yafungue, na handibreki uiachilie taratibu.